Nilimwita Mvivu

Nilimtuma kisimani, akenda kwa visigino,
vidole kavinyanyua kama hataki kuigusa dunia.
Ndoo ikarudi nusu.
Nikamwambia: Shaame, unajidekeza.
Mwenzako Haji ana miaka sita, anabeba ndoo nzima.
Akanyamaza. Watoto wa Maziwang'ombe
wanajua kunyamaza kama jiwe wanalolikanyaga.

Usiku, taa ikishazimwa, nikasikia krr, krr,
anajikuna kwenye ukingo wa kitanda.
Nikasema ni panya.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji ya udhu,
miguu yote miwili, hadi vifundoni,
nikiosha nisichokitazama.

Ni Mize aliyeona, jirani, alipokuja kuomba chumvi.
Akamkalisha kizingitini, akaushika wayo.
"Huyu si mvivu," akasema. "Huyu ana wageni."

Kando ya ukucha, chini ya ukucha, nyuma ya kidole gumba:
uvimbe mweupe kama punje ya mchele ulioiva,
na katikati kidoa cheusi, kijicho,
kinanitazama.
Nilihesabu kumi na moja, nikaacha kuhesabu.

Nikaiendea pini. Ya kwetu huchomekwa kwenye kuti la paa;
ilimtoboa mama, ikanitoboa mimi.
Mize akanishika mkono.
"Pini moja, miguu ya ukoo mzima?
Unamtoa mdudu, unaingiza maradhi."

Kituoni, Zuwena hakunikemea. Afadhali angenikemea.
Alimwosha mguu kwa sabuni, akaukausha taratibu,
akadondoshea mafuta mazito juu ya kila kijicho.
"Yatamziba pumzi afie humo humo. Ngozi itamtema yenyewe.
Usimchokoe."
Kisha sindano ya pepopunda, na Shaame, aliyevumilia yote,
akalia kwa hiyo tu.

"Mbuzi wanalala wapi?" akaniuliza.
Uwani, nikasema.
Akanitazama.
Ukumbini, mvua ikinyesha.
Akanitazama.
Chumbani mwa watoto, nikasema, nikakaza macho ukutani.

Jumamosi mbuzi walihama kwa makelele.
Nikanyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisiruke,
chelewa ikaingia hadi uvunguni ilikokuwa haijafika tangu Ramadhani.
Nikakanda udongo, nikaziba nyufa za sakafu kwa kiganja.
Saruji itakuja mwani ukiuzwa, kasema baba yake,
na mwani, tunaujua, hauna haraka.
Champali alipata kwa binamu yake: moja buluu, moja kijani,
zote za kushoto.
Anazivaa. Anatembea akielekea kulia.

Kila jioni sabuni, halafu mafuta ya nazi,
katikati ya vidole, kimoja kimoja,
na taa naisogeza karibu kuliko inavyotaka.

Asiyefunzwa na mamaye, wanasema, hufunzwa na ulimwengu.
Mama asiyefunzwa je?
Mimi alinifunza funza,
mdudu asiyefikia punje ya ufuta.

Jana nilimtuma kisimani. Ndoo ikarudi nusu.
Neno lile likanijia hadi kwenye meno.
Nikalimeza, nikapiga magoti vumbini:
Leta mguu, baba.
Akauleta. Nikaugeuza, nikautazama kila pembe.
Mzima.
"Mama," akasema, anacheka,
"nilikuwa nacheza mpira."