Shuka Korea

Ukishapita Mafinga, mwambie konda: nishushe Korea.
Hatakuuliza ipi.
Ni pale baada ya kona, misonobari inapoachia upepo,
mbao zimesimamishwa zikauke
kama wanafunzi walioadhibiwa.

Zamani palikuwa Mianzini.
Bibi yangu aligema ulanzi pale ilipo gereji,
na jina lile alilishikilia mpaka anakufa,
akielekeza wageni, wageni wakipotea.

Maana mwaka ule wa mvua za kupitiliza
lori lilishindwa kona, likalala ubavu,
likatema kontena la buluu kwenye shamba la viazi la Kikoti.
Herufi nyeupe, kubwa kuliko milango yetu: KOREA.
Ndani mlikuwa na nini? Wengine wanasema friji, wengine vitenge,
Chengula anaapa mlikuwa na viatu,
vyote vya mguu wa kushoto.
Mimi niliona polisi tu, na viazi vilivyopondeka.

Mwenye mali hakuja. Winchi haikuja.
Kikoti akatoboa dirisha, akauza chumvi na mafuta ya taa.
"Kanunue Korea." "Tukutane Korea."
Ikaja mashine ya unga, akaja kinyozi,
likaja kanisa lenye spika mbili,
vyote vikaliegemea bati lile.

Mwaka juzi wakaja vijana wa anwani, vishikwambi mkononi,
wakapendekeza Mtaa wa Umoja.
Mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kufuta machozi.
Umoja gani, na Korea zenyewe ziko mbili!
Tukapiga kura kwa mikono.

Mama yangu hakunyoosha.
Usiku ule wa lori ndiye aliyekipakata kichwa cha dereva,
akimpa maji kwa kijiko, yakirudi.
Alimwambia anaitwa Ambakisye.
Alimwambia kwao migomba inafika mlangoni.
Basi.

Kontena limeoza chini, herufi zimebaki mbili na nusu.
Kibao kipya kinang'aa, hakina kosa hata moja.
Lakini mvua ikianza kugonga bati usiku
mama huweka kijiko chini, akaisikiliza kona,
na pale mezani kwetu, kwa muda wa gari moja kupita,
mtaa una jina lingine.