Kunywea

Dulamsuren alipika sufu katika chumba cha chini ya ardhi,
Ulaanbaatar, mwezi wa pili,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani mvuke, sabuni, harufu ya kondoo aliyelowa.
Mimi, wifi yake, niliandika hesabu
kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu isiyoganda.

Oda ya kwanza ilitoka Ljubljana:
sapatu za sufu, jozi mia mbili na arobaini.
Alikata zote kwa mkupuo, haraka ya mwenye mkopo,
sawasawa na mguu wa mtu mzima.
Akamwaga maji ya moto, akakanda, akaviringisha,
na sufu ikafanya inachofanya tangu kondoo wa kwanza:
ikanywea.
Tulizituma hivyo hivyo,
tukijiambia huenda Ulaya wana miguu midogo.

Mteja, Bi Zdenka, alirudisha makasha mawili.
La tatu alilibakiza. Mbwa wake kazaa, aliandika,
na kila mwana sasa ana pa kulala.
Mkijua kupima, niarifuni.

Ndipo Dulamsuren naye akanywea.
Siku tatu hakushuka chumbani.
Benki ilipopiga simu nilisema amekwenda malishoni.
Mwezi wa pili hakuna malisho.
Benki ilijua.

Husemwa kutenda kosa si kosa,
kosa ni kurudia kosa.
Basi nikwambie: alirudia.
Akaongeza robo, zikabana.
Akaongeza nusu, mama mkwe akazivaa juu ya buti.
Mara ya nne tukanunua sufu ya Gombosuren wa sokoni, bei ya kutupa,
ngumu kama kamba, ikakataa kunywea kabisa,
ikatukalia pale mezani inatucheka.

Nikafungua daftari nitafute kosa lile lile
nisilione.
La kwanza lilikuwa haraka. La pili woga,
maana nani huongeza robo kama si mwoga?
La nne lilikuwa ubahili, na lilikuwa langu:
mimi ndiye niliyesema, tununue ya Gombosuren.
Wiki mbili sikuliandika.
Kisha nikaliandika, kwa jina langu, kwa wino.

Tangu hapo kila gunia likija
hukatwa kipande cha shibiri, kikapikwa peke yake.
Iliingia shibiri majini, vikatoka vidole vinane.
Gunia jingine, vidole tisa. Sufu ya kondoo dume, saba na ushee.
Ukuta mzima umejaa makaa ya namba zake,
na mwenye nyumba anadai rangi.
Miezi kumi na minne ilipita
kabla hatujamwarifu Bi Zdenka.

Leo tuko wanawake tisa.
Juzi Enkhzul, mgeni wa kazi, kaunguza jozi arobaini.
Alisimama mlangoni, koti tayari mwilini,
akingoja kufukuzwa.
Dulamsuren akamsukumia daftari.
“Andika.”
Akaandika: nimekosea, nisameheni.
“Futa hilo. Daftari si kanisa wala hekalu.
Andika maji yalikuwa moto kiasi gani.”
Msichana akatafuna kalamu, muda mrefu,
kisha akaandika: sijui, sikupima.

Dulamsuren akasoma, akacheka mpaka akakaa chini,
akampa hela akanunue kipimajoto.
Koti alikuwa nalo tayari.

Mkopo? Bado.
Umebaki vidole vinne.