Mashina Mia Sita

Mwaka juzi, jua likizama nyuma ya ghala la Serere,
nilichomoa vifuko vya chavua kwa sindano ya kushonea,
ua kwa ua, pumzi nimeibana.
Suke nikalivisha mfuko wa kaki,
na alfajiri nikalipaka chavua ya mwenzake.
Mama: shina la zambarau, suke lisilo na ndevu,
punje chungu ambayo kweleakwelea huionja na kuitema.
Baba: shina la rangi ya nyasi kavu, ndevu tele,
punje tamu, karamu ya kila mwenye mdomo na mabawa.
Mtoto wao nikamrudisha kwa baba yake,
na mvua za Machi zikanipa wajukuu mia sita.

Leo nawahesabu.
Okiria anaita, mimi napiga vijiti daftarini,
vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao.
"Zambarau. Hana ndevu."
Anatafuna punje, anakunja uso. "Chungu."
"Kavu. Ndevu. Tamu."
Hivyo hivyo, mpaka ulimi wake ukawa gome la mti.

Wengi, mia nne hamsini na watatu,
wamefuata upande mmoja bila kukosea.
Walichofungashiwa pamoja hawakukifungua njiani.
Lakini jeni hazikutiwa pingu.
Kabla chavua haijaiva
kromosomu mbili hulala ubavu kwa ubavu,
hukatika mahali pamoja,
huungana kombo: kichwa cha huyu, miguu ya yule.
Majirani wa ukuta mmoja, ni nadra wembe kupita kati yao.
Wanaokaa mbali hutenganishwa mara kwa mara.
Kwa hiyo sina rula. Hata darubini ya kituo ina ufa.
Nina daftari hili,
na umbali, humu ndani,
ni idadi ya walioachana.

Zambarau na kidevu: waliachana mara sitini. Kumi kwa mia.
Kidevu na uchungu: mara tisini. Kumi na tano.
Jumlisha, ishirini na tano.
Ila nilipopima ncha kwa ncha,
zambarau moja kwa moja hadi uchungu,
nikapata ishirini na nne.
Nikarudia. Ishirini na nne.
Okiria akasema labda mbuzi kala moja,
akaenda zake kutafuta maji ya kusukutua.

Usiku, taa ya sola ikififia, nikawaona.
Watatu.
Wawili wa zambarau, wachungu, na wana ndevu.
Mmoja mkavu, mtamu, kidevu kitupu.
Hawa walivuka mara mbili,
wakatoka upande wao, wakarudi upande wao,
na ukiwatazama ncha tu ungeapa hawakuondoka.
Safari sita katika mashina mia sita:
ndiyo ile moja kwa mia niliyomsingizia mbuzi.

Nilitarajia tisa. Nikapata watatu,
maana mkato mmoja, inaonekana, hapendi jirani.
Nao hao wachache kuliko wote,
ambao ningewafuta kama makosa ya mwandiko,
ndio pekee waliotaja anayekaa katikati.
Nikachora mstari, nikatia nukta tatu.
Zambarau huku, uchungu kule.
Kidevu katikati.

Sikulala upesi.
Nilimkumbuka kaka yangu Ikwap,
aliyekwenda Juba miaka minne akarudi wakati wa palizi,
jembe lile lile, kigoda kile kile
kando ya chungu cha ajono, mrija ule ule mdomoni.
Wageni wakiuliza, Mama hucheka:
"Huyu? Huyu hajawahi kutoka Kateta."

Ila ndevu, Mama.
Tazama ndevu.