Pembe Tupu ya Mkebe

Mkono wangu umezoea arobaini.
Miezi minne kwa mwaka nafuatana na wakata manyoya
banda hadi banda; sufuria langu ni pipa lililokatwa nusu,
chumvi naitia kwa konzi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza nimebakisha nini.
Sasa ni saa tisa za usiku, jikoni kwangu, Gobernador Costa,
upepo unapapasa bati kama mtu anayetafuta mlango,
nami nimesimama mbele ya mkebe mmoja wa plastiki
sijui mtoto mmoja hula kiasi gani.

Barua ya Mwalimu Ercilia imebandikwa kwenye friji.
Mayai hapana. (Mwaka jana yai lilipanda basi,
na kwenye kona ya tatu likashuka
kwa mlango uleule lilioingilia.)
Soda hapana. Maji kidogo, choo cha basi ni kibovu.
Jina la mtoto juu ya kila kitu, hata kijiko.
Naandika LIHUÉN, LIHUÉN, LIHUÉN,
hadi jina linapoteza maana, linakuwa mlio wa mkasi.

Napanga kwa kufuata barabara.
Cha mwisho kuliwa ndicho cha kwanza kuingia.
Juu kabisa chenza, la Tecka,
huko bado kutakuwa giza, na harufu ya ganda
humwamsha mtu bila kumshtua.
Chini yake mkate na nyama ya kukaanga,
nimeiponda nyembamba, ungeisoma ile barua kupitia kwake:
hiyo ya Paso de Indios, dereva anapojaza mafuta
na watoto wanalizunguka basi mbio
kama kondoo waliotoka kunyolewa sasa hivi,
wepesi, wakiishangaa miili yao.
Andazi la mafuta ya kondoo, Los Altares,
kwenye yale majabali mekundu.
Keki ya tufaha, Las Plumas.

Baada ya Las Plumas, sijui.
Banda letu la mwisho liko pale. Lori hugeuka, tunarudi.
Nimeshika kitambaa, nawaza: mtu hula nini
anapoiona bahari kwa mara ya kwanza?
Jibini? Au hali kitu?
Pembe moja ya chini nimeiacha tupu.

"Ni kingi mno, mama."
"Wape wenzako."
"Wenzangu nao wamebeba."
Kweli. Kila mzazi kaja na mfuko kama wa kuhama,
na Baldomero, dereva, alikuwa anahesabu mifuko kwa macho.

Sikurudi kulala.
Nikasema: sasa chenza. Sasa mkate.
Saa tano: sasa keki.
Kisha zikaja saa zisizo na chakula ndani yake,
nikafagia nyumba iliyokwisha fagiliwa.

Siku ya tatu karudi, nywele zimegandamana,
sauti imemkauka. Nyangumi aliwaona wawili,
au mmoja mara mbili, wamebishana njia nzima.
Nikafungua mkebe. Ulinuka nyumba za watu:
jibini la mbuzi la kina Painemal,
mfupa wa kuku ambaye sikumchinja mimi,
kijiko chenye jina la ZULEMA.
"Keki?"
"Dereva."
"Na nyama?"
"Nilibadilishana. Nikapata kiti cha dirishani."

Na pale pembeni, pale nilipoacha patupu,
chupa ndogo ya juisi, kifuniko kimezungushiwa plasta.
Maji ndani, ya ukungu, na mchanga kiasi cha nukta.
LIHUÉN imekatwa kwa kalamu.
Chini yake: MAMA.

Nikaifungua, nikatia kidole,
nikaonja kama ninavyoonja kazini, jicho moja nimelifumba.
Alinikazia macho. "Ehe?"
"Chumvi imezidi," nikamwambia.
"Aliyepika hii amezoea kupikia watu wengi."