Mbano Mmoja

Mimi ndiye mwamuzi. Shati la milia,
suruali ya mazishi, viatu vya kuazima.
Watu hudhani kazi yangu ni kuhesabu.
Kazi yangu ni kunong'ona masikioni mwa majitu:
"Zimebaki dakika mbili. Mwangushe. Polepole, goti lake."

Ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi,
watu mia tatu na ushei, shilingi mia kwa kichwa.
Tulikuwa tumepatana nyuma ya pazia, vikombe vya turungi mkononi:
Opicho ampige kwa kiti,
Kisilu apande kamba ya juu, aruke, akose,
alale chali kama maiti mpaka tisa,
kisha ainuke, ukumbi upasuke.
Nami nikiinama nimbane kiganja.
Akibana mara mbili, yu mzima, twende kazi.
Akiwa kimya, nifunge mikono msalaba juu hewani,
mchezo umekwisha.
Mara mbili, au kimya.
Mara moja hatukuizungumza.

Kamba ilikatika kwa sauti ndogo,
kama mtu anayerarua bahasha.
Akashuka kwa shingo.
Ukumbi ukasimama, ukapiga makofi.

Nikapiga magoti. Macho yake yalikuwa wazi,
yanatazama ile taa inayopepesa tangu mwaka juzi.
Nikabana. Nikangoja.
Akabana.
Mara moja.

Nilihesabu. Mungu anisamehe, nilihesabu,
na watoto wakanipokea: mbili! tatu!
Opicho akakishusha kiti, akakikunjua, akakikalia.
Hilo nalo hatukulipanga.
Kwenye saba, mama wa viazi karai akapaza sauti mlangoni:
"Huyo ameumia kweli, nyinyi!"
Wakamcheka.
Nane sikuifikia. Nilifunga mikono juu.

Ambulensi ilishangiliwa kuliko sisi sote.
Mvulana mmoja akanivuta shati:
"Hiyo nayo mmekodi?"
Na Gacheru, mwenye ulingo, akihesabu noti kwa kidole kilicholowa mate:
"Kama ni ajali, pole yake. Kama ni usanii, ni fundi.
Vyovyote vile, mwezi ujao watajaa."

Sasa sikilizeni, maana kwa kinyozi mnasema mengi.
Mchana ule nilimkuta Kisilu peke yake ulingoni,
kisu mkononi, akizungushia utepe mpya
ule mpira wa bustani tulioivisha kamba.
Utepe hukatwa kwa kisu.
Nilimsalimu, akaitika, akakitia mfukoni
kama mtu yeyote anavyotia kisu mfukoni.
Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada.
Na Gacheru alikuwa ametuambia, wiki ile ile,
kwamba atakayeumia vizuri ndiye atakayepanda bango.
Kuumia vizuri.
Nami nilicheka, mzaha ule ule ambao mama yangu
alisema hutumbuka usaha.

Kipande cha kamba nilikibeba nyumbani.
Nimekimulika kwa tochi, nimekigeuza kwa jua:
nyuzi nyingine zimenyooka, zimelingana kama ndevu za kunyolewa,
nyingine zimechambuka, zimechoka, zimejifia zenyewe.
Nyaboke amechoshwa na uchunguzi wangu,
amekifunga toka dirishani mpaka kwenye nguzo, anaanika shuka.
"Inashika nguo," asema. "Wataka ikwambie nini?"

Jana nikaenda Mbotela kumjulia hali.
Shingo imefungwa, akigeuka anageuka wote, kama kabati.
Swali lilikuwa hapa, mlangoni mwa meno.
Yeye ndiye aliyeniuliza:
"Walikuwa wangapi?"
"Mia tatu na ushei."
"Walisimama?"
"Wote."
Akafumba macho kama aliyelipwa, au kama aliyeumwa,
dawa zilikuwa mezani, sikujua ni lipi.

Wakati wa kuaga alinishika mkono,
akaubana.
Sikuhesabu.