Abiria wa Ufuta

Kitendawili.
Tega.
Kinavuka maji, na maji hakiyagusi.
Somoe anataja kereng'ende, anataja kivuli,
anataja harufu ya samaki wa kukaanga kutoka ng'ambo,
na hiyo ya mwisho nusura nimpe ushindi.
Nipe mji, namwambia.
Ananipa Kitunda, mji wa mbele ya dirisha langu la tiketi.

Basi nilipofika Kitunda nikafungua boksi.

Nililitoa kwenye robota la Ngwale,
katikati ya makoti ya baridi yasiyo na mnunuzi Lindi.
Elfu nne, na gundi imeshakauka ndani ya tyubu.
Vipande vya plastiki mia na kitu, vimeshikana kwenye fremu
kama mifupa ya samaki aliyeliwa kwa adabu.
Maelezo ni mishale na namba.

Hovakrafti. Si meli, si ndege.
Kinajipulizia hewa chini ya sketi ya mpira
kisha kinaukalia huo mto,
mto wa kulalia, si wa kuogea.
Nasikia kule kwao kilibeba watu mamia, na magari tumboni,
na kikifika hakitafuti gati:
kinapanda mchanga, kinashusha pumzi, kinakaa.
Baadaye gharama zikakishinda. Wenyewe wakakikata chuma chakavu.

Kinapanda mchanga.
Maneno hayo nimekaa nayo wiki nzima kibandani,
nikikata tiketi, nikitafuta chenji,
nikiwaambia watu maji yamekupwa, pantoni haifiki,
ngojeni.
Mama naye aliambiwa ngojeni. Si na mimi.
Mwaka ule aliyekaa hapa ni Mzee Nampota, mtu mpole,
na kitanda cha kamba kilikuwa tayari mchangani, ng'ambo ile,
kimeelekezwa hospitali.
Taa za mjini zilionekana vizuri.

Kipimo: moja kwa mia na arobaini na nne.
Nikampigia Somoe hesabu: mtu mzima
hazidi ukucha wa kidole gumba changu.
Akachungulia kiti baada ya kiti.
"Abiria wako wapi?"
Kiwandani hawakutia abiria.

Alijaribu korosho kwanza. Ikakwama mlangoni.
"Wewe shuka, mizigo yako mingi."
Akaleta ufuta kiganjani, akapakia punje punje hadi mia mbili,
akidai nauli kwa kila mmoja kwa sauti yangu,
ile ya dirishani.
Sikujua kama ni kavu hivyo.
Mmoja akampa unahodha. Wawili wakagombea kiti.
Nikapaka gundi ya viatu, nikafunika paa,
nikabana kwa vibanio vya nguo vya mama yake.

Asubuhi punje moja ilibaki mezani.
Nikavuta pumzi niipeperushe.
"Usimpulize! Huyo kachelewa."
Akaikunjia ndani ya kikaratasi cha tiketi.
"Nenda naye kazini. Asubiri ya kwanza."
Yumo drooni, upande wa sarafu za mia.

Chombo kipo rafuni, kando ya redio.
Sketi imepinda kushoto,
na kipande namba sitini na moja sijui ni cha wapi,
nimekiacha kwenye kisahani.
Ukikiinua, ukakitikisa kidogo,
utawasikia humo ndani wakisema wote kwa pamoja,
kama watu walioiona nchi kavu.