Pezi la Nsimire

Rafadha ya kwanza tuliichomoa kwenye feni mbovu ya soko la Kadutu.
Ikavuma. Maji ya Muhumba yakawa uji,
kamera ikatuletea tope, tope tu,
na sambaza wakatawanyika
namna mtaa unavyotawanyika ukisikia risasi.

Nsimire hakulaumu.
Alipasua mpira wa ndani wa tairi la pikipiki,
akashona pezi, mishono kumi na minne,
akalitia mbavu za mwavuli uliovunjika.
"Samaki haombi njia kwa honi," akasema.

Alfajiri tukakishusha chombo.
Pezi likapinda, likatulia,
likapinda.
Sambaza wakakipisha, wakafunga nyuma yake
mlango usio na bawaba.
Chini zaidi gesi imelala, miaka na miaka;
mgeni wetu akapita juu yake kwa ncha za vidole.

Baba, fundi wa jenereta, masikio yake yalikwisha zamani,
akapaza sauti ufukweni: "Kimezimika? Sisikii kitu!"
Hatukujibu. Tulimshikisha kamba.
Akaisikia kwa kidole gumba ikienda,
ikienda,
akanyamaza naye.